Mwendeshaji wa mfumo wa umeme wa usafiri wa umma ni nani?

Treni ya umeme ya mjini haibebi mafuta. Umeme wake inaupata njiani, ama kwa kugusa waya uliotandazwa juu yake, ama kwa kuburuza kipande cha chuma kwenye reli ya pembeni iitwayo reli ya tatu. Dereva anaweza kuongeza au kupunguza mwendo, lakini hana uwezo wa kuamua kama waya ule una umeme au hauna. Mwenye uwezo huo ameketi kwenye chumba cha udhibiti, pengine kilomita kadhaa kutoka hapo, mbele ya skrini zinazoonyesha kila transfoma na kila swichi ya njia nzima. Huyo ndiye mwendeshaji wa mfumo wa umeme.

Jina lenyewe linachanganya. Wengi wakisikia "mwendeshaji" wanafikiria dereva, na wakisikia "umeme" wanafikiria fundi mwenye bisibisi au mtu wa kwenye bwawa la kuzalishia umeme. Yeye si mmoja wao. Umeme unakuja umeshazalishwa kutoka gridi, na kazi yake inaanzia pale unapoingia kwenye mali ya shirika la usafiri na kuishia pale treni inapougusa. Jirani yake wa karibu kikazi ni mwongoza treni, anayepanga treni gani ipite wapi na saa ngapi. Mmoja anajua treni ziko wapi, mwingine anajua umeme uko wapi, na kutwa nzima wanaulizana.

Ili kuielewa kazi hii inabidi kwanza kuufuata umeme wenyewe. Mwaka 1879 Werner von Siemens alionyesha treni ndogo ya umeme mjini Berlin, ikitumia mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, wa volti 150. Treni za mijini zilizofuata ziliendelea na mkondo mnyoofu, kwa sababu motor za wakati huo zilikuwa rahisi kuongozwa kwa mkondo wa aina hiyo. Motor zimebadilika tangu hapo, lakini njia hazikubadilika: nani atang'oa mfumo mzima wa mji unaofanya kazi? Reli ya tatu ya treni za chini ya ardhi za New York ina volti 625, na mifumo mingi mipya zaidi, kama treni nyepesi ya Addis Ababa, inatumia volti 750. Njia za masafa marefu ndizo zinazotumia mkondo geu, yaani umeme unaogeuka-geuka upande, wa volti nyingi, kwa mfano kilovolti 25 kwenye reli ya kisasa ya Tanzania, au kilovolti 15 Ujerumani na Uswisi.

Tofauti hiyo ya volti ina maana kubwa kwa mwendeshaji. Treni inayohitaji megawati 3 kuondoka stesheni itavuta mkondo wa ampea 120 tu kwenye waya wa kilovolti 25. Kwenye reli ya volti 750, treni hiyohiyo itavuta ampea 4,000. Mkondo mzito kiasi hicho unapoteza nguvu haraka ukisafiri, kwa hiyo vituo vya kupozea umeme vinapaswa kukaribiana, mara nyingi kila baada ya kilomita mbili hivi. Ndani ya kila kituo kuna transfoma inayoshusha volti na mtambo unaougeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Kutoka hapo umeme unakwenda kwenye njia, unazungusha motor, kisha unarudi kituoni kupitia reli zenyewe za kukanyagia magurudumu. (Basi la umeme la nyaya lina matairi ya mpira, ndiyo maana juu yake kuna waya mbili: mmoja wa kuja, mwingine wa kurudi.)

Kwa kawaida kila kipande cha njia kinalishwa na vituo viwili, kimoja kila upande. Kituo kimoja kikizimika, majirani zake wanabeba mzigo, na abiria hajui kilichotokea. Mwendeshaji anajua. Anaona volti za katikati zikishuka, na huenda akamwomba mwongoza treni asiruhusu treni mbili kuondoka kwa pamoja eneo hilo. Kwa viwango vya Ulaya, mfumo wa volti 750 unaruhusiwa kushuka hadi 500 na kupanda hadi 900. Kupanda kunatokana na treni zenyewe: zinapopunguza mwendo, motor zinageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme njiani. Ikiwepo treni nyingine karibu, itautumia. Isipokuwepo, volti zinapanda, na treni inalazimika kuuchoma umeme wake kama joto.

Kifaa anachoshughulika nacho zaidi ni sakiti breka, au breka kwa kifupi: si breka ya kusimamishia treni, bali swichi kubwa ya kukata na kuwasha umeme. Kukata mkondo geu kuna msaada wa asili: katika mfumo wa mizunguko 50 kwa sekunde, mkondo huo unapita sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayoruka kati ya vyuma vilivyoachana inapata nafasi ya kufa. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri kamwe. Cheche yake ikiwaka inataka kuendelea kuwaka, kwa hiyo breka inaisukuma kwa nguvu ya sumaku hadi kwenye kisanduku cha kuirefusha, kuikatakata na kuipoza hadi izimike. Yote hayo yanatokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kwa sauti ya mlipuko ambayo fundi aliyesimama karibu haisahau.

Breka nayo inapaswa kuwa na akili kidogo. Shoti iliyotokea mbali na kituo inaweza kuvuta mkondo unaolingana na ule wa treni inayoondoka, hivyo kuangalia kiasi cha ampea peke yake hakutoshi. Kinga za kisasa zinaangalia pia kasi ya kupanda. Mkondo wa treni unapanda kwa hatua, wa shoti unaruka. Breka ikijikata, vifaa vingi huijaribu njia kwa mkondo mdogo kabla ya kuirudisha. Njia ikionekana salama, breka inajiwasha yenyewe. Isipoonekana salama, inabaki imekata na kengele inalia mbele ya mwendeshaji. Hapo kompyuta imefika mwisho wake. Je, ni waya ulioanguka? Ni hitilafu ya treni moja? Ni mtu? Kitufe cha kujaribu tena kiko pale pale mbele yake, na kazi nzima ni kutokibonyeza kabla ya kuuliza.

Nadhani hapo ndipo kiini cha kazi hii kilipo. Kuwasha umeme ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kufundishwa kwa siku moja. Kilicho kigumu ni kujua kwa hakika kwamba umeme haupo, kisha kujua kwa hakika kwamba hakuna mtu njiani kabla ya kuurudisha.

Usiku ndipo jambo hili linapoonekana vizuri zaidi. Treni ya mwisho ikishapita, mafundi wana saa chache za kubadilisha reli, kukaza waya na kusafisha mahandaki kabla ya treni ya kwanza ya alfajiri. Kila kundi linataka kipande chake kizimwe. Mwendeshaji anafuata orodha iliyoandikwa na kukaguliwa mapema: breka hii kwanza, halafu ile ya upande wa pili, maana kipande kinacholishwa pande mbili hakizimiki kwa kukata upande mmoja. Kisha inafuata aisoleta, swichi inayoacha pengo ambalo macho yanaweza kuliona lakini haikuundwa kukata mkondo wenye mzigo. Anayetangulia kufungua aisoleta kabla ya breka anatengeneza moto. Baada ya hapo fundi aliye njiani anapima kwa kifaa kuthibitisha kwamba hakuna volti, anaunganisha waya na ardhi au na reli ya kurudishia umeme, ndipo kibali cha kazi kinatolewa kwa jina la kiongozi wa kundi. Kwenye skrini, breka zile zinawekewa alama ya kuzuia, ili hata mtu wa zamu inayofuata asiweze kuziwasha kwa bahati mbaya.

Maagizo haya mengi hutolewa kwa redio au simu, na Kiswahili kina mtego wake hapa. Kitaalamu, breka "iliyofunguliwa" ndiyo iliyokata umeme, kwa kuwa vyuma vyake vimeachana, na "iliyofungwa" ndiyo inayoupitisha. Ni kinyume cha bomba la maji, ambalo ukilifungua maji yanatoka. Isitoshe, funga na fungua zinatofautiana kwa silabi moja, na silabi moja humezwa kirahisi na kelele za handaki. Kama ningeulizwa, ningesema maneno ya kutumia hewani yawe "kata" na "washa" tu. Na agizo lirudiwe neno kwa neno kabla ya mkono kugusa kitu:

"Kituo cha Sita, kata breka 34."

"Nakata breka 34, Kituo cha Sita."

"Sahihi. Kata."

Anayesikia mara ya kwanza anaweza kuona ni mchezo wa watoto. Kurudia huko ndiko kunakogundua kwamba mmoja alisema 34 na mwingine akasikia 44.

Mchana dharura haina orodha. Kwenye mahandaki ya New York kuna taa za bluu, na kwenye kila taa kuna simu na kifaa cha kukata umeme wa reli ya tatu, ambacho mtu aliye njiani anaweza kukitumia mwenyewe. Mwendeshaji anaona umeme umekatika eneo fulani na anangoja simu. Mtu akiwa njiani, kanuni haina mjadala: kata kwanza, maswali baadaye. Lakini kukata nako kuna gharama yake, kwa sababu kila treni iliyo kwenye kipande hicho inasimama ilipo, pengine ndani ya handaki lenye joto, na taa zake zinabaki kwenye betri. Ndiyo maana anapaswa kujua mipaka ya vipande kwa kichwa, akate kinachohitajika na kuziacha treni nyingine zifike stesheni.

Wanaofanya kazi hii hutoka njia tofauti. Wengi walikuwa mafundi wa vituo vya kupozea umeme, wengine walisomea umeme chuoni, na wote hufundishwa kwa miezi kadhaa chini ya mwenye uzoefu kabla ya kuachiwa dawati. Zamu ni mchana na usiku, sikukuu zikiwemo. Sehemu kubwa ya zamu ni utulivu na kuandika kwenye daftari, jambo ambalo halimfai kila mtu.

Siku ya gridi nzima kuanguka ni ya aina yake. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, na abiria wapatao 400,000 walikuwa ndani ya treni za chini ya ardhi za New York. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilizimika, na metro ya Madrid ikasimama. Siku kama hizo watu hushushwa kwenye treni na kutembea kwenye mahandaki, kando ya reli ambayo jana yake ingewaua. Gridi ikirudi, volti zinafika kwenye mlango wa kituo cha kwanza, na skrini inaonyesha kwamba kila kitu kiko tayari. Mwendeshaji haiwashi njia. Anampigia mwongoza treni na kuanza kuuliza, treni moja baada ya nyingine, kama ni tupu, na kama waliotoka ndani yake wamehesabiwa juu.