Maharage, gesi na kitambi: kula kwa ajili ya utumbo ukiwa Dar

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari, nitumie nini kusafisha utumbo ili nipungue?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, ila Dar ukishakaa nyuma ya meza yenye mizani jina hilo hulikwepi. Anayeuliza mara nyingi ameshanunua kitu: chai ya kukata tumbo, unga wa kijani wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu, au kopo la vidonge vya bakteria wazuri. Anataka tu nimwambie kwamba hela yake haikupotea.

Chai hizo tuzimalize mapema. Nyingi zina majani ya sena, na sena ni dawa ya kuendesha tumbo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, ilhali chakula kikifika huko, sehemu kubwa ya wanga, mafuta na protini imeshafyonzwa juu kwenye utumbo mwembamba. Unachotoa chooni ni maji na chumvichumvi. Mizani inashuka kilo moja au mbili, ukinywa maji inarudi palepale. Ukiitumia mfululizo, potasiamu mwilini inashuka, na ikishuka sana hata mapigo ya moyo yanavurugika. Kitambi kiko palepale.

Sasa utumbo wenyewe. Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kubeba bakteria trilioni 38 hivi, na karibu wote wanaishi kwenye utumbo mpana. Wao hula tunachoshindwa kusaga sisi: nyuzinyuzi na aina fulani za wanga. Wakizichachua hutoa asidi ndogondogo za mafuta. Mojawapo, byutireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizohizo huchochea homoni za shibe, ikiwemo GLP-1, ambayo ndiyo inayoigwa na zile sindano za kupunguza uzito zinazosifiwa mitandaoni. Tusidanganyane lakini: sahani ya kunde haiwezi kufanya kazi ya sindano. Inachofanya ni kukushibisha mapema na kukuacha umeshiba muda mrefu, kwa kalori chache, na hilo ukilirudia kila siku ndilo linalokupunguza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Hebu tuangalie sahani ya mchana ya kawaida kwa mama ntilie, iwe Posta, Kariakoo au Mwenge. Katikati kuna kilima cha wali. Juu yake kipande cha nyama na mchuzi unaong'aa mafuta. Maharage ni upawa mdogo wa kulowesha wali, mchicha ni tonge moja limebanwa pembeni, na kipande cha tikiti chembamba mpaka unaona upande wa pili. Wali ule, hata ukiwa gramu 300, una nyuzinyuzi gramu moja na kidogo tu. Nyama haina kabisa. Weka na soda ya mililita 350, ambayo kwa kawaida ina sukari inayozidi gramu 30, wakati shirika hilohilo linataka tusizidishe gramu 50 kwa siku nzima na ikiwezekana tuishie 25. Jioni ni chipsi mayai njiani. Mtu huyu ameshiba mpaka anasinzia ofisini, bakteria wake wamelala na njaa.

Dawa yake iko kwenye sahani ileile. Mwambie mama ntilie apunguze wali nusu na aongeze maharage mara tatu. Wengi hawakatai, maharage ni rahisi kwao kuliko nyama. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina takribani gramu 12 za nyuzinyuzi, yaani karibu nusu ya mahitaji ya siku. Kunde, mbaazi, choroko, dengu na njugu mawe zote ni familia hiyohiyo. Ongeza mapera mawili na nusu ya parachichi kwa siku, umeshafika bila kununua kitu chochote chenye maandishi ya dhahabu kwenye kopo.

Halafu kuna jambo lililofanyika hapahapa nchini ambalo huwa nalitumia kuwazindua wateja. Watafiti wa KCMC ya Moshi wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichukua wanaume 77 wenye afya njema mkoani Kilimanjaro, matokeo yakachapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Waliozoea vyakula vya asili vya kule walipewa kwa wiki mbili vyakula vya kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi na kadhalika. Waliozoea vyakula vya mjini wakarudishwa kwenye vyakula vya asili: mboga za majani, jamii ya kunde, ndizi, nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachuka. Ndani ya muda huo mfupi, damu ya waliohamia kwenye soseji ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwa ndani (yaani kinga ya mwili kuwaka, si uvimbe wa kushikika), na kinga yao ilipambana na vimelea kwa ulegevu. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, dalili zile zilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Wiki mbili tu! (Na kabla Mchaga yeyote hajanitumia ujumbe: hapana, hiyo si ruhusa ya kushinda kilabu cha mbege.)

Hapo ndipo mazungumzo yanapokwama. Nikishasema maharage, mteja anarudi nyuma kwenye kiti.

"Hayo mimi sili. Yananijaza gesi."

"Unayapikaje, dada yangu?"

"Si nachemsha tu?"

Hiyo "nachemsha tu" ndiyo kesi yote. Maharage yana sukari za aina ya rafinozi na stakiozi ambazo utumbo wetu mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinafika nzima utumbo mpana, bakteria wanazishangilia, na gesi ndiyo moshi wa karamu yao. Kiasi kikubwa cha sukari hizo huyeyuka kwenye maji. Kwa hiyo yachague, yaoshe, yaloweke jioni kwenye maji mengi, asubuhi mwaga maji yale yote. Usiyapikie, hata kama bibi alisema ndiyo yenye nguvu. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 za kwanza, maana maharage mekundu mabichi yana sumu inayoharibiwa na mchemko mkali. Moto mdogo pekee hautoshi. Kisha punguza moto, yaive mpaka ukilibonyeza moja kati ya vidole viwili linapondeka lote, ganda na moyo. Harage lenye kiini kigumu ndilo linalokukesheza. Magadi yanaharakisha kulainika, najua mkaa na gesi vimepanda, ila yanaharibu vitamini B1. Kuloweka kunapunguza muda wa jikoni bila hasara hiyo. Pika ya wiki nzima kwa mkupuo, yagawe kwenye vyombo vidogo, weka kwenye friza.

Jambo la pili ni mwendo. Mtu ameishi miaka kwa chapati na supu, leo kaamka na bakuli la makande asubuhi, mchana kisamvu, jioni mbaazi za nazi. Usiku tumbo limekuwa ngoma, kesho ananipigia kwamba mpango umemshinda. Wiki ya kwanza kula vijiko vitatu au vinne tu kwa siku, na anza na choroko, ambazo wengi huzivumilia vizuri na huiva haraka. Wiki ya pili ongeza kidogo. Kunywa maji, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji hukaza choo badala ya kukilainisha. Tafuna, tembea kidogo baada ya kula. Kwa watu wengi gesi hupungua ndani ya wiki chache bakteria wakishazoea mlo mpya.

Wapo pia wa "nina vidonda vya tumbo". Nikiuliza kipimo, hakuna, aliambiwa na jirani. Vidonda vya tumbo husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na ibuprofeni, ambazo Dar tunazimeza kama karanga. Maharage hayaleti vidonda. Yanaweza kukusumbua ukiwa navyo, sawa, lakini basi nenda ukapime choo au pumzi, utibiwe, kisha turudi mezani. Kuacha jamii yote ya kunde miaka kumi kwa ugonjwa ambao hujapimwa ni hasara tupu.

Upande wa vyakula vilivyochachuka hatuna haja ya kuagiza kitu nje. Mtindi usio na sukari upo kila duka lenye friji, na hata wale ambao maziwa fresh yanawakoroga tumbo wengi wao mtindi wanauweza, kwa kuwa bakteria wameshapunguza laktozi, yaani sukari ya maziwa. Togwa nayo ni nzuri, ila ile ya kuuzwa njiani huwa imejazwa sukari. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2021, kwa watu 36, ulionyesha kwamba waliokula vyakula vilivyochachuka kila siku walipata aina nyingi zaidi za bakteria na alama za uvimbe mwilini zikapungua. Kikombe kimoja cha mtindi kwa siku kinatosha kuanzia.

Matunda kula, usinywe. Juisi ya maembe manne umeiondolea nusu ya faida na umebaki na sukari.

Kuhusu ugali, unga wa dona una nyuzinyuzi kuliko sembe na ningependa kila mtu ahamie huko, lakini kwa sharti. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Nunua mahindi makavu, chambua yaliyovunjika na yenye ukungu, kasagishe mwenyewe. Kama huwezi, kula sembe kidogo na kunde nyingi, utafika vilevile.

Sasa mizani. Chakula rafiki kwa utumbo kinaweza kunenepesha kama kawaida. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi, na mpishi wetu wa wastani hamimini kwa kijiko. Tui zito la nazi ni tamu, na ni mafuta. Mbaazi za nazi Jumapili, sina ugomvi, lakini siku nyingine pika kwa nyanya, kitunguu, karoti na mafuta ya kupima. Sahani yangu ya kawaida kwa anayetaka kupungua: mboga za majani au bamia zijaze karibu nusu, kunde robo, wali au ugali robo, samaki au dagaa kidogo juu yake. Asubuhi, magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha na mtindi badala ya maandazi manne. Ukipungua nusu kilo kwa wiki, huo ni mwendo mzuri. Wiki nyingine mizani itagoma, lakini mshipi wa suruali utakuwa umesogea tundu moja.

Wachache watafuata yote haya na bado watavimba tumbo, hasa wakila vitunguu, vitunguu saumu na maharage. Inawezekana ni utumbo mwepesi kuudhika, na upo mpango maalumu wa kuondoa vyakula hivyo kwa wiki chache na kuvirudisha kimoja kimoja, uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia. Ufanye ukiwa na mtaalamu, usiufanye kwa orodha ya mtandaoni, maana watu huondoa na kusahau kurudisha. Na kama unatoa choo chenye damu au cheusi kama lami, unapungua bila kujitahidi, una upungufu wa damu, au chakula kinakwama kooni, usije kwangu. Nenda hospitali wiki hii.

La mwisho ni swali linalorudi kila mara: kiporo. Ndiyo, wali ukipikwa ukapozwa, sehemu ya wanga wake hubadilika ukawa mgumu kusagwa, na hiyo inakuwa chakula cha bakteria. Faida yenyewe ni ndogo, lakini kiporo cha wali na maharage asubuhi kinakupa shibe ambayo maandazi hayakupi. Hatari iko kwenye joto la Dar. Wali ulioachwa mezani usiku kucha huzalisha bakteria wanaotoa sumu isiyokufa hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Ukimaliza kula jioni, utandaze kwenye chombo bapa upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, asubuhi uupashe mara moja tu. Umeme ukikatika usiku kucha, umwage.