Breki za Subaru kuukuu: kabla hujanunua kalipa kubwa

"Fundi, nataka breki kubwa."

Karibu kila kijana mwenye Impreza ya zamani anayekuja gereji kwangu kabla ya siku ya mbio kule Whistling Morans, Athi River, huanza hivyo. Nami humrudishia swali: ukikanyaga kwa nguvu zako zote, tairi zinafunga zisizunguke, au ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga) inaanza kukutetemesha mguu? Akisema ndiyo, basi nguvu ya breki anayo tayari. Gari husimamishwa na tairi kung'ang'ania lami, na kalipa (kile kifaa ambacho pistoni zake hubana pedi kwenye diski) hata ikiwa ya pistoni sita haiongezi hata chembe ya mng'ang'anio huo. Hapo huwa ananitazama kana kwamba nataka kumnyima raha.

Barabarani unafunga breki mara moja kwa nguvu, kisha zinapumzika dakika kumi. Kiwanjani huzipi hata nusu dakika. Chukua gari na dereva wake, jumla kilo 1,300, liko kwenye kilomita 140 kwa saa na kona inataka 60. Kwenye kufunga huko kumoja, breki zimemeza joto la kutosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji ya chai. Kwa kuwa gari hulalia mbele likipunguza mwendo, takriban asilimia 70 ya joto hilo huenda kwenye diski mbili za mbele. Diski ya kilo 7 hupanda nyuzi kama 80 papo hapo, na kabla haijapoa kona nyingine imefika. Hesabu mwenyewe ziko wapi ukimaliza mzunguko wa tatu.

Mimi sikuihesabu. Nilikuwa na Impreza ya 1998 isiyo na turbo, nikaifunga kalipa za pistoni nne za mtumba kutoka Japani, zile za WRX, yaani Impreza yenye turbo, pamoja na diski za milimita 294 zilizotobolewa matundu. Rimu zangu za inchi 15 zikagoma kuingia, nikanunua za 16. Kalipa nikazipaka rangi nyekundu. Mzunguko wa tatu, pedali ikazama hadi kwenye zulia kama nimekanyaga sifongo. Nikapampu mara mbili, mara tatu, nikapata breki kidogo, nikaishia kwenye nyasi nimekumbatia usukani. Baada ya nusu saa pedali ilikuwa ngumu tena, utadhani nilikuwa nimeota.

Kumbe kwenye kazi yote ile niliacha mafuta ya breki ya zamani. Nilipoyatoa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, hata kupitia mipira ya hosi. Namba ya DOT kwenye chupa ndiyo daraja la mafuta: DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 155 tu. DOT 3 ni 205 na 140. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, na mvuke hubanika. Mguu wako unabana hewa huku pedi zimekaa zikisubiri.

Kwa hiyo nasema bila haya: chupa moja ya DOT 5.1 mpya ingenifaa kuliko kalipa zile zote. Kwa wenye mwendo mkali zaidi kuna mafuta ya mashindano yanayovuka nyuzi 300, ila yabadilishwe mara kwa mara. Usinunue ya kupimiwa kutoka kopo lililokwisha funguliwa. Na uangalie namba vizuri, maana DOT 5 bila hiyo ".1" ni silikoni, haichanganyiki na haya mengine.

Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki ya gari kuukuu unapobadilisha mafuta kuna mtego wake. Fundi akizoea kukanyaga pedali mpaka chini, zile sili za masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) zinasukumwa kwenye sehemu ambayo hazijafika kwa miaka ishirini, sehemu yenye kutu na uchafu. Zinachanika. Unamaliza kazi na masta silinda inavuja kwa ndani, halafu unalaumu mafuta mapya. Mimi huweka kipande cha ubao chini ya pedali ili isizame yote.

Kabla ya kuongeza chochote, rudisha kilichopo kwenye hali yake. Pini za kalipa za kuteleza zikiganda, pedi moja inafanya kazi ya mbili. Pistoni yenye kutu haitarudi vizuri, diski itakuwa inasuguliwa hata kwenye mteremko wa kurudi nyumbani. Hosi za mpira zinadanganya zaidi: nje safi, ndani zimevimba, mafuta yanaingia kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi. Ukiona gurudumu moja linatoka na joto kuliko mwenzake, anza na hosi hiyo. Nikizibadilisha huweka zilizosukiwa waya wa chuma, pedali inakuwa na jibu la haraka.

Na jamani, acheni kuosha sehemu za ndani za breki kwa petroli au dizeli. Najua ni desturi ya gereji zetu, kidumu kiko palepale na brashi ndani. Mpira wa sili za breki hauelewani na mafuta ya petroli, unavimba na kulainika. Osha kwa dawa ya breki au spiriti, kisha uunganishe ukipaka mafuta ya breki yenyewe.

Baada ya mafuta, pesa yako iende kwenye pedi. Pedi za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya kwenda sokoni na kurudi. Zikipata moto sana, gundi inayoshika mchanganyiko wake inatoa gesi, unasikia harufu kali, na pedali inabaki ngumu lakini gari haliitiki. Ijue tofauti hiyo: pedali laini, mafuta yamechemka, pedali ngumu isiyosimamisha, pedi zimezidiwa. Pedi mpya zinahitaji kuzoezwa na diski: funga mara nane hadi kumi kutoka mwendo wa wastani bila kusimama kabisa, kisha endesha polepole zipoe. Ukisimama na kubana breki zikiwa na moto, pedi huacha alama kwenye diski, na wiki ijayo usukani ukitetemeka utaambiwa diski imepinda. Mara nyingi haijapinda.

Na zile diski zangu za matundu? Zilianza kupasuka kutoka tundu hadi tundu. Sasa naweka diski zisizotobolewa, au zenye mifereji.

Joto tulilolikusanya lazima litoke, na huku kwetu hewa haitusaidii sana. Athi River iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo inabeba joto kidogo. Mfereji wa inchi 3 kutoka bampa ya mbele ukielekezwa katikati ya diski, pale hewa inapoingilia kwenye mapezi yaliyo ndani ya diski, ni kazi ya nusu siku na hosi ya bei nafuu.

Ukishafanya yote hayo na bado breki zinazidiwa, hapo njoo tuzungumze ukubwa, kwa sababu diski nzito ina mahali pa kuhifadhia joto. Breki za Brembo za STI, Impreza kali kuliko WRX, zina diski za milimita 326 na zinataka rimu za inchi 17. Lakini usihesabu pistoni kwa macho. Kalipa ya kuteleza yenye pistoni mbili upande mmoja hubana sawa na isiyoteleza yenye nne za kipenyo kilekile, mbili kila upande. Kinachohesabiwa ni eneo la pistoni za upande mmoja. Ukiongeza eneo hilo mbele peke yake, pedali inazama zaidi, tairi za mbele zinafunga mapema, na za nyuma zinabaki abiria. Nimeshaona gari la namna hiyo likichukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko lilivyotoka kiwandani.

Ukimaliza kukimbia, zunguka mara moja taratibu bila kugusa breki, egesha kwenye gia, handbreki usiivute. Na kama umefunga pedi za mashindano, kumbuka zikiwa baridi hazishiki vizuri. Mbele yako kuna barabara ya Mombasa, jioni, na lori la kontena linalosimama bila taa za nyuma.