Kibao cha breki ya injini hakikukatazi kushusha gia

Dhana: Penye kibao kinachokataza breki ya injini, ukishusha gia umevunja sheria.

Hapana. Vibao hivi, ambavyo ni vingi Marekani na Kanada, vimewekwa kwa ajili ya kelele za malori. Kinacholengwa ni kifaa cha injini ya dizeli: pistoni ikishafika juu na kuibana hewa, vali za ekzosi hufunguliwa, hewa ikatoka kwa kishindo kabla haijaisukuma pistoni kurudi chini. Injini inakuwa pampu inayomeza nguvu ya magurudumu. Silensa ikiwa nzima, mlio unavumilika. Ikiwa imetobolewa, mtaa mzima unaamka. Wewe na gari lako dogo, unayetoka gia ya nne kwenda ya tatu, hakuna atakayekusikia.

Wala kifaa hicho si mbwembwe za madereva. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini, aliteremka Cajon Pass huko California na lori, breki zikachemka na kuisha nguvu, akaponea chupuchupu kugongana na treni ya mizigo. Breki aliyobuni baadaye iliingia sokoni 1961. Ndiyo maana sheria ndogo nyingi za miji huyaachia magari ya zimamoto kutumia breki hiyo, na dereva yeyote aliye hatarini pia. Afadhali kelele kuliko lori lisiloshikika.

Dhana: Mteremkoni weka fri (toa gari kwenye gia), uokoe mafuta.

Injini za kisasa hukata mafuta kabisa ukiachia pedeli huku gari likiwa kwenye gia. Ukiweka fri, injini inaunguza mafuta ili isizimike, na breki zinabeba mzigo wote peke yake.

Dhana: Ving'ora vikilia, dereva wa ambulensi hana kosa.

Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaruhusu nchi kumsamehe dereva huyo baadhi ya sheria, lakini kwa masharti: awe ameonya kwa taa na king'ora, na asihatarishe wengine. King'ora kinaomba njia. Akiingia makutano kwa pupa akagonga mtu, atajibu.

Dhana: Kumpisha dereva wa ambulensi kunahalalisha kuvuka taa nyekundu.

Inategemea nchi. Uingereza, kwa mfano, ukivuka unaweza kutozwa faini hata kama nia ilikuwa njema. Binafsi naona wanaoharibu zaidi ni wale wanaofunga breki ghafla katikati ya kona, eti wanapisha. Tazama kioo, washa indiketa, sogea pembeni palipo wazi, simama. Kama ni kwenye kona au karibu na kilele cha mlima, endelea kidogo hadi anapoweza kuona mbele.

Akishapita, usirudi barabarani upesi. Tazama kioo tena: nyuma ya ambulensi mara nyingi kuna gari la zimamoto, na masikio yako bado yamejaa king'ora cha kwanza.