Waya za meno na uji wa miaka miwili
Wengi Nairobi huamini kwamba ukishafungwa waya za meno, chakula chako ni uji na supu hadi siku zitakapotolewa. Imani hii ina chanzo. Saa chache baada ya kufungwa, meno huanza kuuma, na hata chapati laini hutafunika kama ngozi ya kiatu. Anayekukuta siku hiyo na kikombe cha uji atadhani ndivyo utakavyoishi.

Kwa kawaida maumivu hayo hupungua ndani ya siku chache, mara nyingi wiki haiishi, kisha hurudi kidogo kila waya zinapokazwa. Siku nyingine mtu hula ugali, ndengu, parachichi, hata sukuma wiki (ingawa hunasa, kwa hiyo tembea na mswaki). Kinachokatazwa ni kigumu au kinachonata: mahindi choma ya kando ya barabara, miwa, njugu, tofi, kuguguna mfupa. Vyakula hivyo hubandua vile vidude vilivyogandishwa kwenye meno. Embe na tufaha hukatwa vipande vidogo, vikatafunwa kwa magego. Githeri ndiyo yenye ubishi: punje ikikataa kupondeka kwa uma, irudishe jikoni.

Uma huo huo ni kipimo kizuri kwa vyakula vingi. Zaidi ya hapo, muulize daktari wa meno anayekuhudumia, na waulize waliowahi kuvaa waya walikula nini mwezi wa tatu, si siku ya tatu.