Poni wa Mashindano: Yanayosemwa Arusha na Moshi, na Ukweli Wake

“Nunua poni mchanga, yeye na mtoto wakue pamoja.”

Kwa maoni yetu hakuna ushauri mbaya kuliko huu. Poni, yaani farasi wa kimo kidogo, akiwa na miaka 4 bado anajifunza kusikiliza mguu na hatamu ya mpandaji. Mtoto wa miaka 10 naye anajifunza hayo hayo, kwa hiyo hakuna wa kumwongoza mwenzake. Kwa mtoto anayeanza kuruka vikwazo, tafuta mnyama wa miaka 8 hadi 14 ambaye ameshashindana kwenye kimo cha vikwazo mnachokitaka. Poni anayetunzwa hupita miaka 25, hivyo wa miaka 12 si mzee.

Umri usiupokee kwa mdomo, mfunue midomo utazame meno. Meno yote ya mbele ya kudumu huwa yameota afikapo miaka 5. Kwenye jino la pembeni la juu, mfereji mwembamba wa kahawia huanza kujitokeza kwenye ufizi akikaribia miaka 10, na hufika katikati ya jino karibu na 15. Ni makadirio, lakini yanatosha kukushtua ukiambiwa ana miaka 9 huku mfereji umeshuka nusu ya jino.

“Poni wa polo atafaa, si poni huyo?”

Ni poni kwa jina tu. Katika mashindano ya kimataifa, poni hazidi sm 148 bila viatu vya chuma, akipimwa juu ya mabega kwenye sakafu iliyo sawa. Farasi wengi wa polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu juu ya farasi, wamevuka hapo, tena wamezoeshwa kugeuzwa kwa hatamu ya mkono mmoja na kusimama ghafla. Kumfundisha upya ni kazi ya miezi, na ni ya mpandaji mzoefu, si ya mtoto.

“Tumemwona akiruka, inatosha.”

Aliyekimbizwa nusu saa kabla hujafika huwa mpole kwa uchovu, na mguu uliokuwa mgumu asubuhi umeshalegea. Omba umkute bandani akiwa hajatolewa. Papasa kwato na kano za nyuma ya miguu ya mbele: joto au uvimbe upande mmoja tu ni dalili mbaya. Tazama akifungwa tandiko. Akilaza masikio na kutaka kuuma, huenda mgongo unamuuma.

Kisha aongozwe kwa mchakamchaka kwenye ardhi ngumu, mita 30 kwenda na kurudi, kamba ikiwa imelegea. Kichwa kikipanda kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga, mguu huo ndio unaouma. Muuzaji apande kwanza, mtoto baadaye. Mtoke naye nje ya uwanja bila farasi wengine, mahali bodaboda zinapita. Mwisho apandishwe kwenye lori, maana poni anayekataa lori hafiki mashindanoni. Yote haya yarudieni siku nyingine kabla ya kutoa hela.

“Daktari wa muuzaji ameshampima.”

Tafuta wako, umlipe wewe. Akunje viungo vya kila mguu kwa takriban dakika 1 kisha mnyama akimbizwe papo hapo, na achukue damu: dawa ya maumivu kama fenilbutazoni huficha kuchechemea.

“Chanjo atapigwa akishafika.”

Hapa ndipo watu hupoteza mnyama mzima. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na pundamilia hubeba kirusi chake bila kuugua. Ukishambulia mapafu, wanaopona ni wachache mno. Chanjo inayotengenezwa Afrika Kusini huja chupa 2, zinazopigwa kwa kupishana angalau siku 21, na kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Kwa hiyo ratiba ikamilike mapema kabla ya masika ya Machi. Dai kitabu chenye tarehe na namba ya toleo la chanjo. Neno la muuzaji halitoshi.

Akivushwa Namanga au Holili kutoka Kenya, kibali cha kumwingiza nchini na cheti cha afya viwe mkononi kabla lori halijaondoka. Damu ipimwe pia vimelea vinavyoenezwa na kupe, kwa sababu poni anaweza kuvibeba huku anaonekana mzima, kisha homa ikamwangusha baada ya safari ndefu. Na mvua zikianza, aingie bandani jua halijazama, atoke likishachomoza vizuri.