Sumu ya kiwandani: mfanyakazi na jirani wanalindwa na sheria zipi?

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya itoe uamuzi wake kuhusu sumu ya kiwanda cha Owino Uhuru tarehe 6 Desemba 2024, maswali yanayofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mombasa yamebadilika. Zamani watu walikuja hasa kwa mishahara na kuachishwa kazi. Sasa wanakuja na kikohozi kisichoisha, majibu ya vipimo vya damu na picha za moshi kwenye simu. Tunafurahi kwamba wanakuja. Tatizo ni kwamba wengi wameshapoteza muda wa haki moja, ile ya mfanyakazi, na ile nyingine, ya jirani, ambayo bado wanayo hawajui kama ni yao.

Kesi yenyewe wengi wameisikia nusunusu. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, hapa Mombasa, palifunguliwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Kilifungwa 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani humo, aligundua kuwa mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini, akaacha kazi na kuanza kuwakusanya wakazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe ndani ya miezi 4, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kuusafisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliobebeshwa mzigo si wenye kiwanda peke yao: taasisi za serikali, ikiwemo NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, nazo ziliwajibishwa. Jinsi hukumu hiyo inavyotekelezwa ni jambo la wahusika na mawakili wao, nasi hatutalieleza hapa.

Lililo muhimu kwetu ni kwamba vibarua wa kiwanda kama kile huwa ndio majirani zake. Mtu anashinda kwenye tanuru mchana, jioni anarudi na ovaroli yake nyumbani, mkewe anaifua kwenye karai lile lile la nguo za watoto. Vumbi la risasi halijui ukuta wa kiwanda unaishia wapi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua. Hatujaona tanuru la risasi likijengwa Nyali, mtaa wa wenye uwezo. Hujengwa pale ambapo watu wanahitaji kazi kiasi cha kutouliza, na ndiyo maana Katiba ya 2010 imeziweka haki hizi mbili jirani kabisa: kifungu cha 41 kinalinda haki kazini, na kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Tuanze na mfanyakazi, kwa kuwa muda wake ni mfupi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga yanayofaa kwa kazi yenyewe. Barakoa ya kitambaa haifai kwenye moshi wa risasi. Mfanyakazi akiona hatari kubwa ya papo hapo, anatakiwa amjulishe msimamizi wake, na mpaka hatari hiyo irekebishwe mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale. Kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu amelalamika kuhusu usalama ni kosa. Watu wengi wanatuambia, "Nyapara alisema asiyetaka aende." Nyapara si sheria. Andika tarehe, maneno aliyoyasema na majina ya waliokuwepo.

Sasa fidia. Hapa tunaomba msomaji awe makini, maana kila wiki tunarudia maneno haya haya. Kuumia au kuugua kwa sababu ya kazi hakuanzii mahakamani. Kunafuata Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, inayojulikana kama WIBA, na Mahakama ya Juu ilithibitisha tarehe 3 Desemba 2019 kwamba dai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Anayekuambia lipa kwanza ada ya kufungua kesi anakupotezea pesa na muda.

Utaratibu ni huu. Unamjulisha mwajiri, na ni bora iwe kwa maandishi. Mwajiri ana siku 7 kumwarifu Mkurugenzi. Asipofanya hivyo, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya usalama na afya kazini ya kaunti yako ukiwa na barua ya daktari. Dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Narudia: miezi 12. Ile miaka 3 ambayo watu wameisikia ni ya madai ya mkataba wa ajira, kama vile mshahara ambao haukulipwa. Aliyegunduliwa ugonjwa asikae akibishana siku zianze kuhesabiwa lini. Apeleke taarifa wiki ile ile daktari alipomwandikia.

Dai likishapelekwa kwa mwajiri au kampuni yake ya bima, linapaswa kulipwa ndani ya siku 90. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa mapato ya miezi 96. Aliyeathirika kwa sehemu hulipwa kwa asilimia. Kwa mfano, mtu wa mshahara wa shilingi 20,000 aliyepimwa ulemavu wa asilimia 30 hesabu yake ni shilingi 576,000. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga kwa maandishi. Yeye ana siku 14 za kujibu, na baada ya jibu lake una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwajiri asiyewakatia wafanyakazi bima anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Ni adhabu ndogo ukilinganisha na mapafu ya mtu, lakini ndiyo iliyoandikwa.

"Mimi ni kibarua tu, sina mkataba." Sentensi hii imewanyima watu haki kuliko mwajiri yeyote. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo sheria humhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iandikwe, na anayepaswa kuandika ni mwajiri. Kesi ikifika mahakamani naye akashindwa kutoa karatasi hiyo, ni juu yake kuyakanusha masharti unayoyadai. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ulilipwa kila Jumamosi ni ushahidi mzuri. Usiifute. Na ukipewa pesa kidogo pamoja na karatasi ya kusema "sina dai lolote", usitie saini kabla haijasomwa na mtu anayejua sheria.

Jirani asiyefanya kazi kiwandani ana nafasi pana zaidi. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine yeyote amepata hasara au jeraha. Huna haja ya kusubiri mtoto augue. Unaweza pia kupeleka malalamiko ofisi ya NEMA ya kaunti. Kiwanda kipya kinapoombewa leseni, ripoti ya athari kwa mazingira hutangazwa na wananchi huitwa watoe maoni. Tangazo hutaja mwisho wa kupokea maoni, na maoni ya maandishi yenye nakala iliyogongwa muhuri yana uzito kuliko kelele za barazani. Leseni ikitolewa nawe huridhiki, rufaa hupelekwa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, kwa kawaida ndani ya siku 60.

Wanaofanya kazi humo humo wanamoishi wanaweza kufuata njia zote mbili, kwa kuwa fidia ya WIBA inahusu madhara ya kazini, na haimzuii mke na watoto kudai haki yao ya mazingira. Kinachohitajika ni kutenganisha makaratasi tangu mwanzo: jalada moja la mfanyakazi, lenye barua ya daktari, taarifa kwa mwajiri na ushahidi wa malipo, na jingine la familia, lenye vipimo vya watoto, picha zenye tarehe na nakala za malalamiko yaliyopelekwa NEMA. Atakayefika kwetu na majalada hayo mawili tutaanza kumhudumia siku hiyo hiyo, bila malipo.