Dawa mseto ya malaria: kwa nini vidonge vya siku ya tatu ndivyo vinavyoponya

Jioni ya siku ya pili ndiyo saa ya hatari kwa anayetumia ALu, yaani dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Homa imeshuka, kichwa kimeacha kugonga, hamu ya kula imerudi. Kwenye pakiti ya mtu mzima bado kuna vidonge 12 kati ya 24. Wengi huviweka kando hapo, wengine humpa jirani mwenye homa. Ili uone kosa liko wapi, lazima ujue kila kidonge kinafanya nini, maana ndani yake mna dawa mbili zenye tabia tofauti kabisa.

Kidonge cha kawaida kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Artemetha ni mtoto wa artemisinini, kemikali inayotoka kwenye mmea wa artemisia, jamii ya pakanga. Ni Tu Youyou na wenzake wa China walioitoa kwenye majani ya mmea huo mapema miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Lumefantrini nayo ilitengenezwa maabara, hukohuko China.

Kinachotokea ndani ya damu

Kimelea cha malaria kikishaingia ndani ya seli nyekundu ya damu hula himoglobini. Chakula hicho kina sumu yake: himoglobini ikimeng'enywa huachia hemu, kipande chenye madini ya chuma, ambacho kikizagaa kinamuua mlaji. Kimelea hujiokoa kwa kuifunga hemu ndani ya fuwele ngumu isiyodhuru. Aliyewahi kutazama damu ya mgonjwa kwenye hadubini anazijua fuwele hizo: ni zile chembe za rangi ya kahawia iliyokolea zinazoonekana ndani ya kimelea kilichokomaa.

Dawa zote mbili zinakivizia hapohapo mezani. Artemetha ina atomu mbili za oksijeni zilizoshikana kama daraja. Ikikutana na chuma cha hemu, daraja linavunjika na kuzaa chembe kali zinazounguza protini za kimelea huku na huku. Ndiyo maana dawa haiishambulii seli isiyo na kimelea kwa nguvu ileile: hemu huru iliyo tele iko kwa kimelea. Lumefantrini, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, huzuia hemu isigeuke fuwele, kimelea kikabaki na sumu yake mwenyewe.

Tofauti kubwa iko kwenye muda. Artemetha, pamoja na kile ini linachoigeuza kuwa, hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Baada ya nusu siku karibu yote imekwisha. Lumefantrini hupanda polepole, na nusu yake huchukua siku 3 hadi 6 kuondoka. Moja ni ya kupiga na kutoka, nyingine ni ya kubaki na kulinda.

Sasa tupige hesabu. Mtu mzima mgonjwa anaweza kuwa na vimelea bilioni 100 mwilini. Kimelea cha falsiparamu, aina ya malaria iliyo hatari zaidi, humaliza mzunguko wake ndani ya seli kwa saa 48 hivi, na katika kila mzunguko dawa za jamii ya artemisinini zinaweza kupunguza idadi hadi kimoja katika kila 10,000. Mzunguko wa kwanza ukipita chini ya dawa, bilioni 100 zinabaki milioni 10. Ukipita wa pili, wanabaki 1,000. Siku tatu za dawa zinagusa mizunguko hiyo miwili tu. Wale 1,000 wa mwisho hawana artemetha ya kuwaua. Ni lumefantrini iliyolimbikizwa kwa dozi zote sita ndiyo inayowamaliza katika siku zinazofuata.

Aliyeacha jioni ya siku ya pili ana milioni kadhaa za vimelea na akiba ndogo ya lumefantrini. Vimelea visipozuiwa vinaweza kuongezeka mara kumi kila baada ya saa 48. Hajisikii mgonjwa kwa sababu milioni 10 hazitoshi kuleta homa, lakini malaria imo na inapanda.

Dozi sita, na mahali zinapopotea

Kiasi hufuata uzito. Kwa kidonge cha 20/120: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja kila dozi, kilo 15 hadi chini ya 25, viwili, kilo 25 hadi chini ya 35, vitatu, kilo 35 na zaidi, vinne. Ukiweza kumpima mtoto, mpime, usikisie kwa umri. Mtoto mnene au aliyedhoofu hukaa nje ya makadirio hayo kirahisi. Tena soma namba zilizoandikwa kwenye pakiti kabla hujatoa kidonge. Kuna vidonge vya 80/480, ambapo kimoja ni sawa na vinne vya 20/120. Aliyezoea vinne akimeza vinne vya aina hii amemeza dozi mara nne.

Ratiba ndiyo huchanganya watu, kwa sababu si «kila saa nane» wala si «kila saa kumi na mbili» tangu mwanzo. Dozi ya pili hufuata ya kwanza kwa saa 8. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Ukianza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni siku hiyohiyo. Kesho saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Keshokutwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Ukianza saa 2 usiku, ya pili inaangukia saa 10 alfajiri, nayo ndiyo inayolalwa kuliko zote. Tega kengele ya simu. Ukisahau dozi, imeze pale unapokumbuka, kisha endelea mpaka sita zitimie. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Kwa nini sita, isiwe kumeza zote siku moja? Kwa sababu utumbo una kikomo cha lumefantrini unayoweza kupokea kwa mara moja. Ukizidisha hapo, ziada inapita na choo. Mwanzoni dawa hii ilitolewa kwa dozi nne, na ilipolinganishwa na dozi sita, sita ziliponya zaidi. Wanaofuatilia matibabu kwa karibu hupima lumefantrini kwenye damu siku ya 7, na wanapenda kuikuta walau nanogramu 200 kwa kila mililita. Mgonjwa ambaye dozi zake zimerukwa ni vigumu kufika hapo.

La pili linalopoteza dawa ni tumbo tupu, na hili ningependa lisemwe kwa kila anayekabidhiwa pakiti. Lumefantrini haipendi maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kufika mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Mgonjwa anayekunywa vidonge vinne kwa maji matupu amefuata ratiba, lakini huenda amepata dawa kidogo mno. Hahitaji karamu. Utafiti uliotumia maziwa ya soya ulionyesha kwamba gramu 1.2 tu za mafuta zinatosha kukaribia upokeaji wa juu kabisa. Nusu kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta, yai, karanga, kipande cha parachichi au chakula kilichoungwa mafuta kinatosha. Mtoto anayenyonya, anyonyeshwe mara baada ya dawa. Siku ya kwanza, mgonjwa akikataa kabisa kula, mpe dawa hivyohivyo na kitu chochote chenye mafuta kidogo atakachokubali. Kuchelewesha dozi ukisubiri hamu irudi ni hatari zaidi.

La tatu ni kutapika. Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudia dozi nzima, kisha tafuta vidonge vya kufidia ili pakiti isipungue mwishoni. Akitapika tena, vidonge havimfai kwa wakati huo, apelekwe kituo cha afya.

Kwa watoto kuna vidonge vinavyoyeyuka. Weka kidonge kwenye maji safi ya mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, subiri kilainike, koroga, mpe. Tazama kikombe baada ya hapo: utaona unga wa njano umeganda chini na pembeni. Huo ni dawa. Ongeza maji kiasi kilekile, suuza, mpe anywe na hayo pia.

Pale ambapo vidonge si tiba

Vidonge ni vya malaria isiyo kali. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, asiyeamka vizuri, anayepumua kwa shida, mwenye viganja vyeupe, macho ya manjano au mkojo mweusi, huyo ana malaria kali na anahitaji sindano ya artesuneti mara moja. Hutolewa mwanzoni, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku: miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, au miligramu 3 kwa mtoto wa chini ya kilo 20. Sindano peke yake haimalizi. Baada ya angalau saa 24, mgonjwa akiweza kumeza, lazima apate dozi kamili ya dawa mseto ya siku tatu, kwa hesabu ileile ya juu. Wengine huruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa na nafuu, wakadhani sindano imetosha. Na wiki chache baada ya artesuneti, wachache hupungukiwa damu ghafla kwa seli kuvunjika. Uchovu mpya, macho ya manjano au mkojo mweusi kipindi hicho ni sababu ya kurudi kupimwa damu.

ALu pia si kinga. Usimeze kwa tahadhari ya safari. Na haigusi vimelea vya vaivaksi na ovale, aina nyingine za malaria, vilivyolala kwenye ini. Vimelea hivyo vinahitaji dawa nyingine, primakwini au tafenokwini, baada ya kupima kimeng'enya cha G6PD, kwa kuwa asiye nacho cha kutosha anaweza kuvunjika seli nyingi za damu.

Usalama

Watu wengi huivumilia vizuri. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, viungo kuuma: haya huandikwa kama madhara ya dawa, ila ndiyo malaria yenyewe pia, na kuyatenganisha siku ya kwanza karibu haiwezekani. Upele, uvimbe wa uso au kupumua kwa shida ni jambo jingine: acha dawa, nenda hospitali.

Mchanganyiko na dawa nyingine ndio unaonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu mgonjwa mara nyingi haulizwi. Rifampisini ya kifua kikuu huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoichoma dawa hii. Imepimwa: artemetha ilishuka kwa asilimia 89 na lumefantrini kwa asilimia 68. Hizo mbili hazitumiki pamoja. Efavirenzi, karbamazepini na fenitoini nazo huipunguza, kwa hiyo mwenye ARV au dawa za kifafa ataje majina yake yote kabla hajapewa. Juisi ya balungi huelekea upande wa pili, hupandisha kiwango, basi iachwe siku hizo.

Kuhusu moyo, lumefantrini inaweza kurefusha kidogo muda wa umeme wa moyo kujipanga upya kati ya pigo na pigo. Kwa mwenye moyo mzima hilo halina uzito. Kwa mwenye tatizo la kuzaliwa la mapigo, potasiamu iliyopungua sana, au anayetumia kwinini au baadhi ya antibiotiki na dawa za mapigo ya moyo, ni la kuamuliwa na daktari.

Wajawazito wamehangaishwa muda mrefu na hofu ya miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ALu itumike hata katika miezi hiyo kwa malaria ya falsiparamu isiyo kali. Malaria isiyotibiwa ni hatari kubwa kwa mimba. Wachanga walio chini ya kilo 5 nao walikosa kidonge chao mpaka mwaka 2025, Uswisi ilipoidhinisha aina ya watoto wa kilo 2 hadi chini ya 5.

Usugu, na homa inayorudi

Usugu nusu wa artemisinini, unaotokana na mabadiliko kwenye jeni ya kimelea iitwayo kelch13, ulionekana kwanza Kambodia na sasa umethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Unaitwa nusu kwa sababu dawa bado inaua, ila polepole. Irudie ile hesabu: kama kila mzunguko hauvifikishi vimelea kimoja katika 10,000, wanaoachiwa lumefantrini si 1,000 tena, ni wengi zaidi. Mzigo wote umehamia kwenye dawa ile inayotaka mafuta na dozi sita.

Homa ikirudi, usikimbilie kipimo cha haraka ukaamini jibu lake. Vingi vya vipimo hivyo hutafuta protini iitwayo HRP2, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyepona kabisa anaweza kuonyesha mistari miwili. Omba hadubini, inayoonyesha vimelea vyenyewe. Vikionekana ndani ya siku 28 tangu kuanza dawa, hutumika dawa mseto ya aina nyingine. Baada ya siku 28 huhesabiwa kuwa maambukizi mapya, na ALu huanzwa upya, dozi sita, na kitu chenye mafuta.